Sheria za Wageni na Uchochezi za Marekani, 1798: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kati ya Juni na Julai 1798, Bunge la Marekani, lililokuwa likikaa Philadelphia, lilipitisha sheria nne katika muda usiofika wiki nne. Tatu ziliwalenga wageni. Ya nne ilimlenga yeyote aliyeikosoa serikali kwa maandishi au kwa mdomo. Vitabu vingi huzieleza kana kwamba ni habari mbili mbalimbali, moja ya uhamiaji na nyingine ya magazeti. Hapa tunazieleza pamoja, kwa sababu zilitungwa na watu walewale kuwabana watu walewale.

Sheria hizo nne ni zipi, na kila moja ilisema nini?

Ya kwanza ni Sheria ya Uraia, ya tarehe 18 Juni 1798. Kwa sheria ya 1795 mgeni aliweza kuomba uraia baada ya kuishi nchini miaka 5. Sheria mpya ilipandisha muda huo hadi miaka 14, na ikamtaka mwombaji awe ametangaza nia yake mahakamani angalau miaka 5 kabla. Mgeni aliyewasili alitakiwa kuandikishwa ndani ya saa 48.

Ya pili ni Sheria ya Wageni, ya tarehe 25 Juni. Mara nyingi huitwa ya Wageni Rafiki, kwa kuwa haikujali kama nchi ya mgeni ilikuwa vitani na Marekani au la. Rais aliweza kuamuru mgeni yeyote aliyemwona kuwa hatari kwa amani na usalama aondoke nchini. Hapakuwa na shtaka wala hakimu. Aliyetaka kubaki alipaswa kumridhisha Rais mwenyewe, yaani yuleyule aliyemtuhumu. Aliyekaidi aliweza kufungwa hadi miaka 3 na kunyimwa uraia maisha yake yote. Nahodha wa meli naye alitakiwa kupeleka kwa ofisa wa forodha orodha ya wageni aliowabeba: majina, umri, mahali walikozaliwa, nchi walikotoka, kazi zao na sura zao. Asipofanya hivyo, faini dola 300.

Ya tatu ni Sheria ya Wageni Maadui, ya tarehe 6 Julai. Hii ilihitaji vita iliyotangazwa, au uvamizi wa nchi ya kigeni, uliotokea au unaotishia kutokea. Hapo wanaume wa nchi hiyo wenye umri wa miaka 14 na zaidi, ambao hawajapata uraia wa Marekani, waliweza kukamatwa, kuwekewa masharti au kuondolewa.

Ya nne ni Sheria ya Uchochezi, ya tarehe 14 Julai. Kifungu cha 1 kilihusu njama za kuipinga serikali: faini hadi dola 5,000 na kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5. Kifungu cha 2 ndicho kilichowaumiza wahariri. Kilikataza kuandika, kuchapisha au kusema maneno ya uongo, ya kashfa na yenye nia mbaya dhidi ya serikali, Bunge au Rais, kwa lengo la kuwashushia heshima au kuwachochelea chuki ya wananchi. Adhabu yake ni faini hadi dola 2,000 na kifungo hadi miaka 2.

Kwa nini zilitungwa wakati ule?

Marekani ilikuwa katika mgogoro na Ufaransa. Baada ya Marekani kutia saini mkataba na Uingereza mwaka 1794, meli za Ufaransa zilianza kukamata meli za biashara za Marekani. Rais John Adams alituma wajumbe Paris, wakaombwa hongo kabla ya mazungumzo yoyote, na habari hizo zilipotangazwa mwaka 1798 nchi ilichemka. Hatari baharini ilikuwa ya kweli, na mapigano ya majini yaliendelea hadi 1800 bila vita kutangazwa rasmi.

Lakini hofu ya Ufaransa haitoshi kueleza miaka 14 ya kusubiri uraia. Vyama vilikuwa viwili: Wafederalisti wa Adams, walioshika serikali, na Warepublikani wa Thomas Jefferson. (Hao si chama cha Republican cha leo, kilichoanzishwa mwaka 1854.) Wahamiaji wengi kutoka Ireland, na wakimbizi wa kisiasa kutoka Uingereza na Scotland, walipopata uraia waliwaunga mkono Warepublikani. Baadhi yao ndio waliokuwa wakiandika na kuhariri magazeti makali ya upinzani. Kumchelewesha mgeni kupiga kura na kumfunga mhariri kulikuwa na faida moja katika uchaguzi wa 1800.

Kuna ushahidi gani kwamba lengo lilikuwa uchaguzi?

Soma kifungu cha 4 cha Sheria ya Uchochezi. Kinasema sheria itakoma tarehe 3 Machi 1801, siku ya mwisho ya muhula wa Adams. Yaani kama Wafederalisti wangeshindwa, wapinzani wao wasingeikuta silaha hiyo mezani.

Tazama pia nani aliyelindwa. Rais alilindwa, na Bunge lote. Makamu wa Rais hakutajwa. Makamu wa Rais wakati huo alikuwa Jefferson, kiongozi wa upinzani, kwa kuwa Katiba ya wakati huo ilimpa nafasi hiyo mshindi wa pili. Mtu aliweza kumtukana Jefferson kutwa kucha, na wengi walifanya hivyo, bila kuogopa sheria hii. Katika Baraza la Wawakilishi muswada ulipita kwa kura 44 dhidi ya 41, na waliouunga mkono walikuwa takriban wote wa chama kimoja.

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba si yalikuwepo tayari?

Yalikuwepo, yalithibitishwa tarehe 15 Desemba 1791, na yanasema Bunge halitatunga sheria ya kupunguza uhuru wa kusema au wa magazeti. Wafederalisti walijibu kwa mafundisho ya sheria ya Kiingereza kama yalivyoandikwa na William Blackstone: uhuru wa magazeti ni kutohitaji kibali cha serikali kabla ya kuchapisha. Ukishachapisha, utajibu kwa ulichosema. Kwa maelezo hayo, kufunga mtu baada ya gazeti kutoka hakukuvunja Katiba.

Tunaona hoja hiyo ilikuwa dhaifu hata kwa wakati wake. Uingereza ilikuwa na mfalme asiyechaguliwa. Katika nchi ambayo wananchi ndio wanaomwajiri na kumwondoa kiongozi, kumwadhibu anayeeleza kasoro za kiongozi ni kuwanyima wapiga kura habari wanazohitaji. Hoja hii aliieleza James Madison kwa kirefu katika ripoti yake kwa bunge la Virginia mwaka 1800, na ndiyo iliyodumu.

Nimesoma kwamba sheria hiyo iliruhusu ukweli kuwa utetezi. Basi mbona watu walifungwa?

Ni kweli iliruhusu, na kwenye karatasi ilikuwa laini kuliko sheria ya Uingereza, ambako ukweli haukumsaidia mshtakiwa hata kidogo. Kifungu cha 3 kilimruhusu mshtakiwa kuthibitisha kwamba alichosema ni kweli, na kikalipa juri (raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi) mamlaka ya kuamua juu ya sheria na juu ya matukio. Kwa vitendo kinga hiyo ilivunjika katika sehemu tatu.

Kwanza, mzigo wa kuthibitisha ulimwangukia mshtakiwa. Pili, maneno mengi yaliyoshtakiwa yalikuwa maoni, na maoni hayathibitishiki. Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, aliandika kwamba Adams alikuwa na kiu ya fahari ya kipuuzi. Utaithibitishaje fahari? Lyon alijaribu: alimuuliza Jaji William Paterson, aliyekuwa akiendesha kesi, kama hakuwahi kula chakula na Rais akaiona fahari hiyo kwa macho yake. Jaji alijibu kwamba hakuiona. Juri ikamtia hatiani.

Tatu, majaji walikaza kipimo. Katika kesi ya mwandishi James Callender huko Richmond mwaka 1800, Jaji Samuel Chase alikataa kumsikiliza shahidi wa utetezi, John Taylor, kwa sababu ushahidi wake ungethibitisha sehemu tu ya shtaka na si shtaka zima. Kwa kipimo hicho, ukithibitisha nusu ya sentensi bado wewe ni mwongo. Mwenendo wake katika kesi hii ulikuwa miongoni mwa mashtaka yaliyomfikisha Chase mbele ya Seneti ili iamue kama aondolewe kazini. Aliachiwa mwaka 1805.

Juu ya hayo, majaji wote wa serikali kuu walikuwa wameteuliwa na George Washington au Adams, na waliokusanya wajumbe wa juri ni maofisa walioteuliwa na Rais.

Nani walioshtakiwa, na walipata adhabu gani?

Hesabu ya siku nyingi ni hukumu kumi hivi, ingawa utafiti wa karibuni umeonyesha mashtaka yalikuwa mengi kuliko ilivyodhaniwa. Waziri wa Mambo ya Nje, Timothy Pickering, ndiye aliyeyapekua magazeti na kuwahimiza waendesha mashtaka. Kesi zinazofaa kujulikana ni hizi:

- Matthew Lyon, mzaliwa wa Ireland, Oktoba 1798: kifungo cha miezi 4 na faini ya dola 1,000. Barua yake aliiandika Juni, kabla ya sheria kuwapo. Ilichapishwa baada ya sheria kupita, na hilo likatosha. Wapiga kura wake walimchagua tena akiwa gerezani Vergennes.
- Anthony Haswell, mhariri wa Vermont Gazette, aliyemtetea Lyon gazetini: miezi 2 na dola 200.
- Charles Holt, mhariri wa gazeti la Bee huko Connecticut: miezi 3 na dola 200.
- Thomas Cooper, mzaliwa wa Uingereza, Pennsylvania, 1800: miezi 6 na dola 400.
- James Callender, mzaliwa wa Scotland: miezi 9 na dola 200.
- David Brown, kibarua aliyezunguka vijijini Massachusetts akihutubia watu, na aliyehusishwa na mlingoti wa uhuru uliosimikwa Dedham ukiwa na maandishi ya kumpinga Adams: miezi 18 na dola 480. Hii ndiyo adhabu kali kuliko zote, na ilimwangukia maskini. Kifungo kilipokwisha hakuwa na fedha za faini, akaendelea kukaa ndani mpaka Jefferson alipomsamehe mwaka 1801. Benjamin Fairbanks, mwenye mali wa Dedham aliyeshtakiwa kwa mlingoti huohuo, alikiri kosa, akafungwa saa 6 na kutozwa dola 5.
- Luther Baldwin wa Newark, New Jersey, alilewa akatoa maneno ya mzaha kuhusu mizinga iliyopigwa kumsalimu Rais na makalio ya Rais mwenyewe. Faini yake dola 150. Hakuwa mhariri wala mwanasiasa.

Benjamin Franklin Bache, mhariri wa gazeti la Aurora na mjukuu wa Benjamin Franklin, mara nyingi huwekwa katika orodha hii kimakosa. Alikamatwa Juni 1798, kabla ya sheria kupita, kwa kosa la kashfa chini ya sheria ya desturi ya Kiingereza. Alikufa kwa homa ya manjano Septemba mwaka huo kabla ya kesi kusikilizwa.

Wageni wangapi walifukuzwa kwa Sheria ya Wageni?

Hakuna hata mmoja. Adams hakuikamilisha amri ya kumfukuza mtu yeyote. Wasomaji wengi hutoka hapo wakidhani sheria haikuwa na madhara. Sivyo. Wafaransa wengi waliokuwa wamekimbilia Marekani walipanda meli wakaondoka wenyewe mwaka huohuo wa 1798, wakiwemo watu wa elimu kama Volney na Moreau de Saint-Méry, aliyekuwa na duka la vitabu Philadelphia. Sheria inayomwachia mtu mmoja kuamua nani ni hatari hufanya kazi hata amri isipotolewa, kwa sababu anayelengwa hajui afanye nini ili asiwe hatari.

Mahakama ya Juu ilizibatilisha?

Hapana. Shauri halikuifikia kamwe, na majaji wake wenyewe, kama Paterson na Chase, ndio waliokuwa wakizunguka majimboni kuendesha kesi hizi. Mwaka 1964, katika shauri la New York Times dhidi ya Sullivan, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ingawa Sheria ya Uchochezi haikupimwa mbele yake, historia ilikwishaihukumu.

Upinzani wa kisheria ulitoka majimboni. Bunge la Kentucky lilipitisha maazimio Novemba 1798, yakiwa yameandikwa kwa siri na Jefferson. Virginia ilifuata Desemba kwa maazimio ya Madison. Yalidai sheria hizi zimevuka mamlaka ambayo Katiba imelipa Bunge. Rasimu ya Jefferson ilikwenda mbali zaidi na kusema jimbo linaweza kuitangaza sheria ya aina hiyo kuwa batili. Wazo hilo lilikuja kutumiwa baadaye na majimbo ya kusini katika kutetea mfumo wao wa watumwa, kwa hiyo usisome maazimio haya kana kwamba ni waraka wa haki za binadamu tu.

Zilikwishaje?

Sheria ya Wageni ilikoma Juni 1800, miaka miwili baada ya kutungwa, kama yenyewe ilivyosema. Sheria ya Uchochezi ilikoma 3 Machi 1801. Sheria ya Uraia ilifutwa mwaka 1802 na muda ukarudi miaka 5. Ya Wageni Maadui haikuwa na tarehe ya mwisho.

Adams alishindwa uchaguzi wa 1800. Jefferson na Aaron Burr, wa chama chake mwenyewe, wakafungana kwa kura, uamuzi ukaenda Baraza la Wawakilishi, na katika duru ya 36 kura ya Vermont ilipigwa kwa Jefferson na Matthew Lyon. Mwaka 1840, miaka 18 baada ya Lyon kufa, Bunge liliwarudishia warithi wake faini na gharama zake, dola 1,060.96 pamoja na riba.

Jefferson alipoingia madarakani, magazeti yalipumua?

Kwa kiasi. Aliwasamehe waliohukumiwa. Hata hivyo, wafuasi wake walitumia mahakama za majimbo. Harry Croswell, mhariri wa gazeti dogo la The Wasp huko Hudson, New York, alitiwa hatiani mwaka 1803 kwa kumkashifu Jefferson, na alizuiwa kuthibitisha kwamba aliyoyaandika ni kweli. Alexander Hamilton, Mfederalisti mkubwa, ndiye aliyemtetea kwenye rufaa akidai ukweli usemwao kwa nia njema usiwe kosa. Hakushinda pale, lakini jimbo la New York liliweka kanuni hiyo katika sheria mwaka 1805. Mwaka 1812 Mahakama ya Juu, katika shauri la wahariri Hudson na Goodwin, iliamua kwamba mahakama za serikali kuu haziwezi kumshtaki mtu kwa kosa ambalo Bunge halijalitunga. Njia iliyomkamata Bache ikafungwa hapo.

Watu weusi walikuwa wapi katika mjadala huu?

Nje ya mlango. Tangu sheria ya 1790, uraia wa kuomba uliwekwa kwa watu weupe walio huru tu. Walioshindana miaka 5 au 14 walishindana juu ya wazungu. Watu wenye asili ya Afrika waliruhusiwa mwaka 1870, na ubaguzi wa rangi katika uraia uliondolewa wote mwaka 1952. Tena Warepublikani walipoipinga Sheria ya Wageni walitumia kifungu cha Katiba kinacholizuia Bunge kukataza watu kuingizwa nchini kabla ya 1808. Kifungu hicho kiliwekwa kulinda biashara ya watumwa.

Je, kuna uhusiano na sheria za uchochezi za Afrika Mashariki?

Upo, wa mzizi. Maneno ya 1798 ya kuleta dharau na chuki dhidi ya serikali yametoka katika sheria ya Kiingereza, na Waingereza waliyaleta pia katika kanuni za adhabu za makoloni yao huku. Mwaka 1958 Julius Nyerere alitiwa hatiani Dar es Salaam kwa kashfa ya jinai dhidi ya wakuu wa wilaya wawili, kwa makala iliyotoka Sauti ya TANU, akatozwa faini ya pauni 150. Kenya ilifuta kosa la uchochezi mwaka 1997. Uganda liliangushwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2010. Tanzania liliendelezwa katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ilisema vifungu hivyo vinakiuka mkataba wa jumuiya.

Sheria ya Wageni Maadui bado inatumika kweli?

Ndiyo. Ilitumika katika vita ya 1812 dhidi ya Waingereza, katika vita mbili za dunia (wanawake waliongezwa mwaka 1918), na kwa vita ya pili ilitumika kuwazuilia raia wa Japani, Ujerumani na Italia. Usiichanganye na kuhamishwa kwa watu takriban 120,000 wenye asili ya Japani wa pwani ya magharibi, ambao wengi wao walikuwa raia wa Marekani. Hilo lilifanywa kwa amri nyingine ya Rais, ya 1942.

Machi 2025 Rais Donald Trump aliitumia dhidi ya Wavenezuela waliodaiwa kuwa wa genge la Tren de Aragua, nchi ikiwa haina vita iliyotangazwa, na zaidi ya watu 130 walipelekwa gereza la El Salvador kwa sheria hiyo. Tarehe 7 Aprili 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu lazima apewe taarifa na nafasi ya kupinga kuondolewa kwake, kwa ombi la habeas corpus (la kumtaka hakimu apime kama kuzuiliwa kwake ni halali) katika wilaya ya mahakama anakozuiliwa.

Naishi Marekani na si raia. Nichukue nini katika haya?

Sharti la kawaida la miaka 5 ya ukaazi kabla ya kuomba uraia ni lile lililorudishwa mwaka 1802. Kwa aliyeoa au kuolewa na raia na kuishi naye, ni miaka 3. Uhuru wa kusema unamhusu pia mgeni anayeishi nchini, na Mahakama ya Juu ililisema hilo mwaka 1945 katika shauri la Bridges dhidi ya Wixon. Lakini sheria za uhamiaji zina sababu zake za kumwondoa mtu, na mpaka kati ya hayo mawili hubishaniwa mahakamani hadi leo.

Ndugu yako akikamatwa, jambo la kwanza ni kujua amezuiliwa wapi hasa, maana mahali ndipo panapoamua mahakama ipi itapokea ombi. Akihamishwa jimbo jingine kabla ombi halijawasilishwa, wakili wa mjini kwenu huenda asiweze tena kusaidia. Kwa hiyo weka nyumbani nakala ya namba yake ya uhamiaji inayoanza na herufi A, na jina la wakili mlilokubaliana mapema. Katika mahakama ya uhamiaji ana haki ya wakili, ila si kwa gharama ya serikali, na ana haki ya mkalimani wa Kiswahili. Asitie saini karatasi ambayo hajaielewa.

Nikitaka kusoma sheria zenyewe, nianzie wapi?

Zimo katika juzuu ya kwanza ya mkusanyo rasmi wa sheria za Marekani, kurasa za 566, 570, 577 na 596, kwa mpangilio wa tarehe tulizotaja. Ni fupi, Sheria ya Uchochezi ina vifungu vinne tu. Anza na kifungu cha 4, kisha cha 2, halafu cha 3, ukijiuliza kila mara ni nani anayebeba mzigo wa kuthibitisha.